Dohani Kwanza

Katika uwanda wa juu wa Ufipa, ambako baridi ya Juni na Julai huwakusanya watu wa Mpui jikoni hata baada ya chakula kuliwa, ada ya kufunga mlango na dirisha ili joto lisitoroke ndiyo inayolinyima jiko la kuni pumzi yake. Kwani moshi haupandi dohani ila hewa nyingine ipate njia ya kuingia chini, na jiko lililokosa hewa hulipiza kisasi machoni mwa mpishi.

Mafundi wetu, ambao kwa kufyatua na kujenga matofali sina la kuwalaumu, aghalabu huikomesha dohani chini ya kilele cha paa, ambapo upepo wa nyanda hizi, usiokuta miti mingi, huurudisha moshi ndani. Sharti ikipite kilele hicho, inyooke, isigusane na nyasi za kuezekea, na masizi yake yakwanguliwe, maana huweza kushika moto. Kuni mbichi nazo huzidisha masizi hayo.

Ama kuingiza jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hilo ni kuyaalika mauti, kwa kuwa gesi yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu.

Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni azma njema. Lakini kwa anayepika leo kwa kuni, halmashauri na iwafunze mafundi wa vijiji ujenzi wa dohani kabla ya kipupwe kijacho.