Zawadi ya mtoto isimvue nguo baba yake

Kichwa kinaniuma kidogo, na leo nitakwambia kwa nini.

Hivi umeshawahi kusimama dukani Kariakoo, pochi mkononi, halafu ukashindwa kabisa kujua mtoto wa miaka kumi umnunulie nini? Mwanasesere ameshamwacha. Nguo ukimpa anashukuru kwa adabu, halafu anaitupa kabatini. Ukimpa hela, mama yake anasema “lete nikutunzie”, na wewe unajua vizuri hela za kutunziwa huwa zinaishia wapi!

Mwezi huu binti wa mdogo wangu wa kike anatimiza miaka hiyo kumi. Kwa hiyo nimejikuta nakumbuka yaliyotokea mwaka jana, na kusema ukweli bado yananiuma. Nakusimulia ili wewe yasikukute.

Mwaka jana aliyefikisha miaka kumi alikuwa kijana wa mdogo wangu wa kiume, anayekaa Tabata. Huyo mdogo wangu alipunguzwa kazini miezi michache kabla, akawa anaishi kwa vibarua, leo kipo kesho hakuna. Mimi nina mshahara, sijajaliwa mtoto bado, na ndiye shangazi mkubwa. Nadhani hapo umenielewa. Nikajisemea, mwaka huu huyu mtoto asikose raha kwa sababu baba yake hana kazi. Nikaingia dukani, nikatoka na kishikwambi kipya kabisa, kwenye boksi lake, zaidi ya laki tatu. Wala sikumwambia mtu. Nilitaka iwe sapraizi.

Siku yenyewe nikafika na boksi langu limefungwa utepe. Mtoto alivyolifungua alipiga kelele mpaka majirani wakachungulia. Mimi nikawa nimevimba kichwa, nasubiri sifa. Sikuona kwamba pale ukutani, nyuma ya mlango, kulikuwa na baiskeli. Ilikuwa ya mtumba, lakini mdogo wangu alikuwa ameinunua kwa kudunduliza, akaisugua kutu na kuipaka rangi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe, usiku, mtoto akiwa amelala. Alikuwa anasubiri keki ikatwe ndipo aitoe.

Aliitoa. Mtoto akasema, “Asante baba,” akarudi kwenye kishikwambi.

Baada ya hapo mdogo wangu akawa kimya. Nikipiga simu anajibu kwa mkato, “Tupo dada, tunamshukuru Mungu.” Zikapita kama wiki tatu hivi ndipo wifi yangu akanipigia. Akaniambia, “Wifi, naomba usinielewe vibaya, zawadi yako ni nzuri. Ila mdogo wako kila jioni anaifuta vumbi ile baiskeli, na mtoto hata haigusi.”

Jamani! Nilikaa kitandani nikashindwa hata kumjibu.

Jumapili yake nikaenda Tabata. Sikuwa na maneno mengi, nikamwomba msamaha. Akanijibu sentensi moja ambayo mpaka leo ninayo kichwani: “Dada, hukukosea kutoa. Ulikosea kutoniuliza.”

Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Ni kweli kabisa. Ila kutoa nako kuna adabu yake, na mimi mwenye digrii yangu ya mawasiliano nilishindwa kuwasiliana na mdogo wangu wa tumbo moja.

Unajua ugumu wa umri huu uko wapi? Mtoto wa miaka mitano hajui bei. Mpe boksi tupu, atalifanya gari na atakupenda. Mtoto wa miaka kumi yuko darasa la nne au la tano, anajua kujumlisha na kutoa, anajua bei ya viatu vya mwenzake, na ameanza kujua nani katika ukoo ana hela na nani hana. Yaani ndiyo kwanza anaanza kumpima baba yake. Ukimletea zawadi inayoifunika ya mzazi, umempa kitu kimoja na kumnyang’anya kingine, na hicho ulichomnyang’anya hakiuzwi Kariakoo.

Sasa tufanyeje? Haya ndiyo niliyojifunza.

Kwanza, muulize mzazi kabla hujafungua pochi. Usimuulize tu “mtoto anataka nini”. Muulize, “Wewe umepanga kumpa nini?” Akikwambia baiskeli, wewe tafuta kengele. Akikwambia begi la shule, wewe jaza daftari na kalamu za rangi. Zawadi ya shangazi ikae pembeni ya zawadi ya baba, isikae juu yake. Na kama una uwezo na unataka kutoa kikubwa, mpe mzazi kimyakimya, akitoe yeye kwa mkono wake. Jina lako halitatajwa, lakini Mungu anakuona.

Pili, angalia kama nyumbani wapo wengine. Kishikwambi kimoja kwenye nyumba ya watoto watatu ni ugomvi uliofungwa utepe.

Tatu, mpe kitu kinachohitaji mtu mwingine. Kwa umri huu mtoto anaweza kufuata sheria za mchezo na hata kukukamata ukiiba! Drafti ni zawadi nzuri, karata pia, na mpira wa kweli, ule wa saizi namba 4, ndio wa umri wake. Kama kuna babu au mjomba anayejua bao, mtafutie bao la mashimo 32 na kete zake 64. Hapo utakuwa umempa mtoto hesabu na umempa babu mwenzake wa jioni, vyote kwa mkupuo. Kitabu cha hadithi cha Kiswahili nacho kinafaa sana, ila usikiache mezani ukaondoka. Kaa, msomee kurasa mbili za mwanzo, za tatu atasoma mwenyewe.

Nne, ukishakosea, usimnyang’anye mtoto ulichompa. Sisi tulikaa tukaelewana na baba yake kwamba kishikwambi ni cha nyumbani, chaji anaitunza baba, na baba ndiye anayesema kinawashwa saa ngapi na kinazimwa saa ngapi. Mimi nikaenda kununua pampu, kengele, viraka na gundi, hata elfu thelathini haikufika. Vyote nikamkabidhi mdogo wangu, si mtoto. Jumamosi iliyofuata wakaziba pancha pamoja uani, na yule bwana mdogo akajifunza kutafuta tundu kwa kuzamisha tyubu kwenye beseni la maji. Leo hii ukimuuliza baiskeli nani alimpa, anakwambia, “Baba, tena alipaka rangi mwenyewe.” Ukimuuliza kishikwambi je, anafikiria kidogo. Na mimi sijakasirika hata chembe.

Haya, turudi kwa huyu binti wa mwezi huu. Safari hii nimeanza kwa mama yake, mdogo wangu, ambaye ana genge la mboga na nyanya Buguruni. Anaamka alfajiri kwenda sokoni, anafunga usiku, siku saba za wiki. Nikamuuliza amepanga nini. Akasema atapika pilau, basi. Nikamwomba ruhusa nimuulize mtoto swali moja: “Ukipewa siku nzima na mama yako, mngefanya nini?” Hata hakufikiria. “Tungepanda treni ya umeme.”

Kumbe! Treni ile ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mwendo wake unafika kilomita 160 kwa saa. Wenzake darasani wameshaipanda wakasimulia, yeye anaiona kwenye simu tu. Nauli zilipotangazwa, daraja la kawaida hadi Morogoro lilikuwa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 4 hadi 12 nusu yake. Kwa hesabu hiyo, mama na mwana kwenda na kurudi ni shilingi 39,000. Ulizia nauli ya siku yako kabla hujapanga, lakini linganisha mwenyewe na zile laki tatu zangu. Wanafika, wanaiona milima ya Uluguru, wanakula ndizi, wanarudi jioni.

Nilipomwambia mama yake alinyamaza. Halafu akauliza swali ambalo kila mama mwenye biashara angeuliza: “Na genge atakaa nani?”

Nikamwambia, “Mimi.”

Alicheka mpaka akafuta machozi kwa khanga. Lakini hakukataa. Kwa hiyo Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, ukipita Buguruni ukamkuta mhariri wako amekaa kwenye kigoda anapanga nyanya mafungu mafungu, usishangae. Tiketi zitatoka mkononi kwa mama mtu, mtoto akijua ni mama yake anayempeleka. Mimi zawadi yangu ni kukaa gengeni.

Nikikosea chenji, mnisamehe. Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.