Nipe Mji Kwanza

Mtega kitendawili hatoi jibu bure. Aliyeshindwa hudaiwa mji, na mpaka autaje mji unaomridhisha mtegaji, jibu hubaki kinywani mwa mwenyewe. Sisi tuliokulia katika Kiswahili tulilelewa na kanuni hii bila kuambiwa sababu yake. Mimi sababu niliiona ukubwani, mjini Kasulu, mbele ya filamu ya katuni.

Jumamosi moja tuliwaonyesha wanafunzi wetu wa sekondari filamu ya Kijapani iitwayo Spirited Away, kazi ya Hayao Miyazaki na studio ya Ghibli, iliyotoka mwaka 2001 na kutunukiwa Oscar ya filamu bora ya uhuishaji mwaka 2003. Sauti ilikuwa ya Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yalipita mbio chini ya picha. Kwa hiyo mwalimu mwenzangu alisimama kando ya projekta akasimulia kwa Kiswahili, kama wafanyavyo wasimulizi wa vibanda umiza. Alisimulia vizuri mno. Watoto walicheka, wakaogopa, wakanyamaza palipostahili kunyamazwa.

Kwa asiyeiona, kisa ni hiki. Chihiro, binti wa miaka kumi, anahamia mji mpya na wazazi wake. Njiani wanapita katika handaki na kutokea upande wa pili, penye mizimu na miungu. Wazazi wanakula chakula kisicho chao, wanageuka nguruwe. Binti anapata kazi katika nyumba ya kuogea ya mchawi Yubaba, ambaye anazichukua herufi za jina lake na kumwachia moja tu, isomekayo Sen. Kijana Haku anamwonya kwamba atakayelisahau jina lake hatapata tena njia ya kurudi kwao. Haku mwenyewe amelisahau lake. Baadaye inabainika kuwa yeye ni roho ya mto uliofukiwa ili yajengwe majumba.

Mwishoni Chihiro anawaokoa wazazi. Haku anamwahidi kwamba wataonana tena, na anamkataza kugeuka nyuma mpaka avuke handaki. Akavuka. Wazazi hawakumbuki lolote. Gari wamelikuta limejaa vumbi na majani. Lango la handaki, lililokuwa na lipu nyekundu walipoingia, sasa ni mawe yaliyoota kuvu. Na kichwani mwa binti inameta kamba ya kufungia nywele, waliyomsokotea rafiki zake wa kule. Gari likaondoka.

Hapo mwenzangu akapaza sauti: “Kumbe yote ilikuwa ndoto! Tamati.”

Watoto wakapiga makofi. Binti mmoja wa kutoka upande wa Kibondo hakupiga. Alinyoosha mkono akasema, “Samahani mwalimu. Kama ilikuwa ndoto, ile kamba ya nywele ameitoa wapi?” Mwalimu akacheka kwa upole. “Hizo ni katuni tu, mwanangu.”

Nami nasema: mwenzangu alitoa jibu bila kudai mji, tena alitoa jibu lisilo lake, na lisilo sahihi.

Tuanze na usahihi. Wapo wanaodhani kwamba mwisho wa fumbo ni mwisho ambao mtunzi ameshindwa kuumaliza, kwa hiyo kila mmoja anaruhusiwa kuuziba atakavyo. Sivyo. Filamu hii imefunga mlango mmoja na kuacha mwingine wazi. Kwamba safari ilitokea, imeshahakikishwa kwa vumbi, kwa mawe na kwa kamba. Kilichoachwa wazi ni kama binti anakumbuka, na kama Haku, ambaye mto wake umefukiwa, anaweza kuitimiza ahadi yake. Mtunzi ametupa ushahidi wa jambo la kwanza na kutunyima hukumu ya jambo la pili. Hata jina la Kijapani la filamu linawataja Sen na Chihiro kana kwamba ni watu wawili, na halisemi ni yupi aliyepanda gari. Msimulizi wetu aliufungua mlango uliofungwa, akaufunga uliokuwa wazi.

Sasa tuitazame lugha, maana hapa ndipo penye uwanja wetu. Silaha aliyoitumia ni neno moja: “kumbe”. Neno hili ni hakimu. Likishatamkwa, yote yaliyotangulia hugeuka kuwa kosa la macho, na msemaji hujitwalia elimu ambayo wengine hawana. Ni neno tamu, nami nalitumia. Lakini Kiswahili kimetupa pia kiambishi “-ka-”, mtumishi mnyenyekevu wa ngano zote. “Akavuka, akageuka, akatazama, akapanda gari.” Kiambishi hiki hupanga matendo kama shanga bila kueleza chanzo wala kutoa hukumu. Lau msimulizi angesema, “Akageuka, akalitazama handaki, kamba ikameta, wakaondoka,” kisha akanyamaza, angekuwa amesimulia yote yaliyomo na asiongeze lisilokuwemo.

Siwabezi wasimulizi. Ufundi wa Lufufu wa Dar es Salaam, na ule wa DJ Afro wa Kenya, umewafikishia sinema za Hong Kong, India na Marekani watu ambao zisingewafikia kwa lugha waielewayo. Wao hutania, hueleza, huwapa mashujaa majina mapya, na hadhira huwapenda kwa hayo. Msimulizi ni mtunzi wa pili, sikatai. Hata hivyo mtunzi wa pili anadaiwa adabu na fumbo la mtunzi wa kwanza, kama malenga anayejibu shairi la mwenzake anavyodaiwa kushika vina na mizani alivyovikuta.

Washairi tunalijua jambo hili kuliko wengine. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifunga mafumbo ambayo wasomi wanayabishania mpaka leo, na hakuna aliyemwita mvivu. Katika shairi lenye kituo kinachorudiwa, mshororo uleule husikika ubeti wa kwanza kwa maana moja, na ubeti wa mwisho kwa maana nyingine, bila mtunzi kutueleza ni ipi aliyoikusudia. Tunaandika “kaditama” kuaga wasomaji, lakini kaditama hutangaza kwamba mtunzi amenyamaza; haitangazi kwamba jambo limekwisha.

Mwenzangu alinijibu kwamba watoto wanahitaji mwisho wa kulala nao. Hoja hii ina uzito, lakini naipinga hasa kwa sababu ya mahali tulipo. Nyanda hizi zimeishi na miisho iliyotangazwa mapema. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na hadi leo ipo. Kambi ya Mtabila, wilayani humohumo, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na Warundi wake wakarejeshwa kwao: tamati. Mwaka 2015 Burundi ikachafuka, kambi ya Nduta huko Kibondo ikafunguliwa upya, na miongoni mwa waliovuka mpaka walikuwamo waliowahi kurejeshwa. Kiha na Kirundi ni lugha za kuelewana. Watu wa pande mbili hizi husikia habari za wenzao bila mkalimani. Mtoto aliyekulia hapa anajua kwamba “wakarudi nyumbani” ni sentensi inayoweza kuwa na ubeti mwingine. Anajua pia kwamba mtu anaweza kupita penye hatari na akarudi asiweze kusimulia, ilhali ana kitu mkononi kinachoshuhudia kwamba alikuwa huko. Kumwambia mtoto huyo kwamba ilikuwa ndoto ni kumpunja. Alikwisha kuiona kamba.

Ombi langu kwa wasimulizi, wafasiri na walimu ni dogo. Mkifika penye mwisho wa fumbo, semeni kilichopo kwa “-ka-”, na mkilazimika kukisia, kisieni kwa “huenda” au “yamkini”, mjulikane kuwa mnakisia. Kisha iachieni hadhira nafasi ya kutaja mji wake.

Baada ya onyesho nilimuuliza yule binti yeye anaonaje. Alifikiri, kisha akasema, “Naona amesahau, mwalimu. Lakini atakapoifungua nywele atajiuliza.” Mimi naamini Chihiro anakumbuka kila kitu. Hatukukubaliana, na bado hatujakubaliana. Malenga wenye hoja, jibuni kwa nathari au kwa beti; ila tafadhali msianze na “kumbe”.