Aliyepimwa ni Nani?

Hapa Tanzania mtoto wa mkulima anayetoka shule ya msingi ya serikali na kuingia kidato cha kwanza hukuta masomo aliyoyasoma kwa Kiswahili yakifundishwa kwa Kiingereza. Haupiti muda mrefu, hunyamaza. Huambiwa kwamba hana uwezo. Mwenzake aliyesomeshwa kwa Kiingereza katika shule ya kulipia huonekana mwerevu. Je, hapo imepimwa akili ya mtoto au mfuko wa mzazi?

Wanasosholojia wa Ufaransa, Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1970 kwamba shule hudai kwa watoto wote kitu isichowapa wote: lugha na mazoea ya nyumba zenye nafasi. Bourdieu aliuita urithi huo mtaji wa utamaduni. Hurithiwa kama fedha, lakini machoni pa watu huonekana kuwa kipaji. Mamlaka ya namna hii haihitaji kiboko (ingawa kiboko nacho bado kimo madarasani mwetu), kwa kuwa aliyeshindwa hujilaumu mwenyewe.

Hatuwezi kusema kwamba taifa halikuonywa. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alishutumu elimu ya wachache inayomtenga kijana na jamii yake. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Hatusemi Kiingereza kiachwe. Kifundishwe, tena vizuri, kama somo. Kukifanya lango la kila somo ni jambo jingine kabisa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano ulitamka mwaka 1965 kwamba kila mtu ana haki ya elimu, nayo ilingane na utamaduni wa nchi yake.

Nazo shule za Kanisa zinazofundisha kwa Kiingereza, kwa ada ambayo waamini wengi hawaimudu, zinamhudumia nani? Swali hili haliwapendezi wote, lakini ni letu.

Tunaziomba kamati za Haki na Amani zipite katika Jumuiya Ndogo Ndogo kabla ya muhula ujao, ziulize ni watoto wangapi wameacha masomo kidato cha kwanza na cha pili, na kama yupo aliyewahi kuwauliza wao wenyewe sababu.