Mastaa wa Bongo, Munich siyo Hofbräuhaus peke yake!

Kila staa akitua Munich picha ni ileile. Hofbräuhaus, glasi ya lita moja mkononi, bendi ya matarumbeta nyuma, halafu chini kaandika "Nimeimaliza Ujerumani". Umemaliza nini, dada? Ukumbi mzima watalii wenzako!

Siyo kwamba pale pabaya. Kiwanda chake kilianzishwa na mtawala wa Bavaria mwaka 1589, heshima yake ipo. Tatizo ni mashabiki wanaodunduliza hela miaka mitatu, wakifika wanafuata nyayo za staa, wanarudi wakidhani bia ya Munich ni makelele tu.

Wenyeji jioni za kiangazi wako Augustiner-Keller, siyo mbali na stesheni kuu, chini ya miti mikubwa, bia inachotwa kwenye pipa la mbao. Wengine wako Hirschgarten, bustani ya viti kama 8,000. Na hili mastaa hawalisemi kabisa: kwenye bustani hizo, meza isiyo na kitambaa unakaa na msosi wako mwenyewe, mradi bia ununue kwao. Beba chapati zako na kuku wako, hakuna wa kukufukuza!

Mtu ana wafuasi malaki, anashindwaje kuwaambia watu wake kitu cha kuwaokolea hela? Au meza tupu ya mbao haipendezi kwenye picha?

Oktoberfest inaanza Septemba. Wadau, mtaiona glasi ileile tena.