Damu bora ni ile isiyomwagika

Mashariki mwa Kongo, familia nyingi zinaijua hali hii: mgonjwa anangojea kupasuliwa, na ndugu zake wanaombwa watafute watu wa kutoa damu. Simu zinapigwa, majirani wanaitwa, saa zinapita. Wakati huohuo, katika chumba cha watoto, mtoto aliyeishiwa damu kwa sababu ya malaria anangojea pia.

Kubadilisha nyonga au goti kunamwaga damu nyingi. Lakini si lazima kila mgonjwa aongezewe damu ya mtu mwingine. Upasuaji ukipangwa, kazi ianze majuma kadhaa mbele, kwa kupima damu. Kwa OMS, mwanaume mwenye hemoglobini chini ya gramu 13 kwa desilita, au mwanamke asiye na mimba mwenye chini ya 12, amepungukiwa damu. Akikosa chuma, apewe chuma. Akiwa na minyoo au malaria, atibiwe kwanza.

Siku ya upasuaji kuna asidi ya traneksamiki, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke upesi. Iligunduliwa Japani na Utako Okamoto pamoja na mume wake Shosuke, na iko kwenye orodha ya OMS ya dawa za lazima. Haimfai kila mtu. Daktari ndiye anayeamua.

Baada ya upasuaji, haraka ya kuongeza damu ipunguzwe. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011, juu ya wagonjwa zaidi ya 2 000 waliovunjika nyonga Marekani na Kanada, ulilinganisha kuongeza damu hemoglobini ikishuka chini ya 10 na kungoja mpaka chini ya 8 au dalili zionekane. Waliongojewa hawakufa zaidi, wala hawakushindwa kutembea zaidi. Na zaidi ya nusu yao hawakuhitaji damu hata kidogo.

Wengine watasema dawa hizo ni bei. Lakini mfuko wa damu nao una gharama: kupima ukimwi, homa ya ini na kaswende, frigo, na mafuta ya jenereta umeme ukikatika.

Watu wasiache kutoa damu. Mama anayevuja damu akijifungua hawezi kungoja. Ndiyo sababu wakubwa wa hospitali wanapaswa kuweka kipimo na chuma mbele ya kisu. Kila mfuko uliookolewa kwenye nyonga ni mfuko uliobaki kwa ajili ya mama huyo na mtoto yule.