Majina Yasiyoitwa

Desturi ya watu waliosoma pamoja katika shule za bweni kutafutana baada ya miaka mingi imeenea sana nchini mwetu. Siku hizi simu imeirahisisha: aliyeko Mbamba Bay humpata aliyeko Mwanza kwa dakika chache, kisha huitishwa mchango na mkutano. Ni jambo jema. Hata hivyo lina funzo kwa mwalimu wa shule ya msingi ambalo, kwa maoni yangu, halijazingatiwa ipasavyo.

Katika mikutano hiyo ni nadra kusikia mtu akisimulia somo. Husimuliwa makande yenye wadudu, foleni ya maji alfajiri, masanduku ya bati yaliyovunjwa kufuli, na kiranja aliyekuwa mkali kuliko walimu wote. Sisi tuliotoka Mbaha na vijiji vingine vya mwambao wa Ziwa Nyasa huongeza habari za baridi ya Umatengo. Kabla ya shule za sekondari za kata kuenea baada ya mwaka 2004, mtoto wa mwambao aliyefaulu mara nyingi alilazimika kupanda milimani au kwenda mbali zaidi, na aliyezoea joto la ziwani alitetemeka usiku kucha chini ya blanketi moja. Leo tunayacheka hayo, kwa kuwa tulimaliza.

Lakini hesabuni waliohudhuria, kisha hesabuni majina ya kidato cha kwanza. Baadhi ya wenzetu wamefariki. Wengine wako hai na hawakutafutwa: aliyeshindwa ada, ambayo katika shule za sekondari za serikali ilifutwa kuanzia mwaka 2016 tu, msichana aliyepata mimba, ambaye hadi Novemba 2021 hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali, na aliyeacha bila mtu yeyote kuuliza sababu.

Mmoja wa hao ni mvuvi sasa. Aliacha akiwa kidato cha pili, lakini anasema alipotea tangu darasa la tano, siku zilipoanza sehemu, mwalimu alipoendelea na wale walionyoosha mikono. Mtu huyohuyo kila asubuhi hugawa ndoo za usipa: fungu la mwenye mtumbwi, la mwenye nyavu, la mabaharia, wala hapunji mtu. Hakuna aliyepata kumwonyesha kwamba hizo ndizo sehemu. Mazungumzo yale yalinifunza juu ya ufundishaji wa hesabu kuliko mikutano mitatu ya waliofaulu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba mwanachuo aendapo kwenye mazoezi ya kufundisha aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, achukue kitabu cha uandikishaji, achague darasa moja la zamani, na kuwatafuta wale ambao hawakumaliza. Kuna watakaosema kwamba kazi hii ni ya maofisa. Ofisa atataka idadi. Mwalimu anataka kujua ni somo gani, na siku gani, mtoto alikoma kuelewa.

Majina kumi yatosha kwa kuanzia. Msiende na fomu, maana aliyeacha shule huiogopa karatasi. Na huku mwambao nendeni mchana, wavuvi wanaposhona nyavu. Jioni mitumbwi huwa imekwisha kuondoka.