Zile tano zimekwenda wapi?

Mama jirani yangu hapa Panzi, Bukavu, hutengeneza sabuni ya kuuza. Kila anapotia soda kostiki ndani ya maji, ndoo inapata moto bila kuni wala makala, naye hurudi nyuma hatua mbili. Wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho wa sekondari, tawi la sayansi, huandika mlinganyo wa jambo hilo ubaoni bila kukosea. Lakini nilipowauliza joto lile ni kiasi gani, darasa lilinyamaza.

Kesho yake nikaja na vikombe viwili vya plastiki, nikachomeka kimoja ndani ya kingine, nikakata kifuniko cha katoni, nikapitisha kipimajoto. Maji gramu 100, soda gramu 4, niliyoitia mwenyewe maana huunguza ngozi na macho. Joto likapanda kutoka nyuzi 21 hadi 30. Tukakokotoa: kama kilojuli 39 kwa moli. Kitabu kinasema takriban 44. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, zile tano zimekwenda wapi?"

Swali hilo, joto linatorokea wapi, ndilo lililoijenga kalorimita, yaani chombo cha kupimia joto. Majira ya baridi ya 1782 kuingia 1783, jijini Paris, wanasayansi Lavoisier na Laplace walikizungushia chombo chao barafu tabaka mbili: ya ndani iyeyushwe na joto linalopimwa, ya nje ilizuie joto la chumba. Maji yaliyochuruzika kutoka ile ya ndani wakayapima uzito. Humo walimweka hata simbilisi, huyu kobayi tunayemfuga jikoni Kabare na Walungu, wakatambua kwamba kupumua ni kuungua polepole. Karibu miaka 100 baadaye mkemia Berthelot alifungia moto wenyewe ndani ya chombo cha chuma kilichoshindiliwa oksijeni, akakizamisha majini, hata moshi usitoroke na joto lake.

Sisi tulikuwa na blanketi kuukuu. Tukakifunika kikombe, tukarudia: 30 na nusu. Kwa nusu nyuzi ile darasa lilishangilia hadi mwalimu wa chumba cha pili akaja mlangoni.

Miaka mingi nilifundisha kemia ya chaki tupu nikisema hatuna maabara. Maabara tunaihitaji, na lazima tuendelee kuidai. Lakini mtoto anayeulizwa joto la mmenyuko kwenye mtihani wa taifa, Exetat, huku mzazi wake akilipa ada kwa shida, hafai kungoja jengo ndipo aguse kipimajoto. Nao wanaosomea ualimu pale ISP, hapa hapa Bukavu, asitoke hata mmoja kabla hajaunda kalorimita kwa mikono yake.

Wazazi wa hapa Ibanda, mkikutana na prefe wa shule mwanzoni mwa mwaka, muulizeni jambo moja: shule ina vipimajoto vingapi, na mara ya mwisho vilitumika lini?